Judo: Uchovu wa mchezaji hupimwaje?

Kanombe, kulipo uwanja wa ndege wa Kigali, ipo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapo ni nyepesi, hivyo mwanajudo anayetoka pwani huchoka mapema. Saa ya kupima mapigo ya moyo ni vigumu kuivaa watu wanapokabana na kuangushana.

Njia ya Mmarekani Carl Foster haihitaji chombo: takriban nusu saa baada ya mazoezi, mchezaji hukadiria ugumu wake, kuanzia 0 hadi 10, kisha namba hiyo huzidishwa kwa dakika alizofanya. Mwenyeji akitaja 7 kwa dakika 90, mzigo wake ni 630. Mgeni akitaja 9, ni 810. Jumla ya wiki ikipanda ghafla, kocha hupunguza mazoezi kabla mchezaji hajaumia.