Ubanaji wa mafuta ya gari

Ubanaji wa mafuta ya gari ni hali ya gari kwenda umbali mrefu zaidi kwa kiasi kilekile cha petroli au dizeli. Hutegemea aina ya gari na ukubwa wa injini, lakini pia matunzo na uendeshaji. Magari mawili ya aina moja na umri mmoja yanaweza kutofautiana sana kwa sababu ya dereva na fundi tu.

Nchini Tanzania petroli na dizeli zote huagizwa kutoka nje. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila mwezi, na bei ya Arusha hujumlisha gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini, hasa Tanga. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei zilipanda kiasi cha serikali kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni.

Kupima matumizi

Njia rahisi ni kujaza tanki mpaka pampu ya kituo ijikate, kuandika kilomita zilizo kwenye dashibodi, kutumia gari kama kawaida, kisha kujaza tena. Gari lililotembea km 312 na kuchukua lita 26 limekwenda km 12 kwa lita, sawa na lita 8.3 kwa km 100. Madereva wengi huweka mafuta ya shilingi elfu kumi au elfu ishirini kila mara, hivyo hawajui hasa gari lao linakula kiasi gani. Kwao inafaa kuandika lita zote za mwezi na kuzilinganisha na kilomita za mwezi huo.

Magari mengi nchini yameingia yakiwa yametumika Japani. Takwimu za ubanaji zinazotajwa wakati wa kuyauza hutokana na vipimo vya maabara vya Kijapani, kama 10-15 na JC08, na kwa kawaida barabarani gari halifikii kiwango hicho.

Mwinuko na milima

Jiji la Arusha liko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hapo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko Tanga, kwa hiyo injini isiyo na tabochaji hupoteza nguvu. Injini ya zamani yenye kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya pwani huchanganya petroli nyingi mno na hewa hiyo nyepesi, ikatoa moshi mweusi. Injini zenye sensa hujirekebisha zenyewe.

Katika kata ya Sekei, chini ya Mlima Meru, barabara nyingi zinazokwenda kaskazini ni za kupanda. Kupandisha gari la kilo 1,200 kwa kimo cha mita 200 huhitaji takriban lita 0.3 za petroli, juu ya zile za mwendo wa tambarare. Mzigo usio na kazi kwenye buti hulipiwa kila siku kwenye mlima kama huo.

Matunzo

Matairi yenye upepo mdogo ndiyo kasoro ya kawaida zaidi na rahisi kuondoa. Kiwango sahihi huandikwa na mtengenezaji, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva, nacho hupimwa tairi likiwa la baridi. Kukadiria kwa jicho au kwa kupiga tairi teke hakutoshi. Breki zinazoshika na magurudumu yaliyopinda nayo hulifanya gari kuwa zito. Dalili moja ni rimu kuwa ya moto sana baada ya safari fupi.

Kosa moja la gereji linastahili kutajwa peke yake: kuondoa thamostati. Gari linapochemsha, mafundi wengine huitoa na kuitupa ili maji yazunguke wakati wote. Injini basi huchelewa kufikia joto lake, hasa asubuhi za baridi za Juni na Julai, na kompyuta yake huendelea kuongeza mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Gari halichemshi tena, lakini linakula mafuta na injini inachakaa haraka, huku chanzo cha kuchemsha kikiwa bado hakijatibiwa.

Kichujio cha hewa kilichojaa vumbi hupunguza nguvu. Huongeza matumizi waziwazi katika injini za kabureta, ilhali katika injini za kisasa za petroli athari yake kwa mafuta ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Sensa ya oksijeni iliyokufa ni hasara kubwa zaidi, kwa hiyo taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi isizibwe kwa karatasi. Plagi zilizochakaa na oili nzito kuliko inayotakiwa huchangia pia.

Uendeshaji

Kila kanyagio la breki hugeuza mafuta yaliyokwisha kulipiwa kuwa joto. Dereva anayekanyaga mafuta kwa nguvu kati ya tuta na tuta, kisha kufunga breki, hununua mwendo na kuutupa. Kuachia mafuta mapema huokoa zaidi kuliko kifaa chochote cha dukani. Kwenye barabara kuu ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi: kutoka km 80 hadi 100 kwa saa huongezeka kwa zaidi ya nusu, na mizigo iliyofungwa juu ya gari huuzidisha. Injini inayounguruma gari likiwa limesimama huweza kumaliza nusu lita hadi lita moja au zaidi kwa saa.

Kutoa gia kwenye mteremko

Madereva wengi huamini kwamba kutoa gia na kuacha gari liserereke huokoa mafuta. Katika magari ya kabureta palikuwa na ukweli kidogo. Katika gari la kisasa, likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, magurudumu ndiyo huizungusha injini na kompyuta hukata mafuta kabisa. Gia ikitolewa, injini hulazimika kuchoma petroli ili isizimike. Kwenye mteremko mkali unaohitaji kupunguza mwendo, anayetoa gia hutumia mafuta zaidi.

Zaidi ya hayo, breki hubaki peke yake kulizuia gari, na zikipata moto sana hupoteza nguvu. Matokeo ya gari kukosa breki mkoani Arusha yalionekana tarehe 24 Februari 2024 huko Ngaramtoni Kibaoni, ambapo lori lililoripotiwa kupata hitilafu ya breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafariki. Kwenye mteremko gia inayofaa ni ndogo, na gari la otomatiki lenye alama ya L au 2 huwekwa hapo kabla ya kuanza kushuka.

Vifaa vya kubana mafuta

Sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, vidonge vya kutia kwenye tanki na vifaa vya kuongeza hewa huuzwa kwa ahadi kubwa. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani (EPA) limepima zaidi ya vifaa 100 vya aina hii na kukuta vichache sana vyenye faida yoyote, tena ndogo.