Hamu ya Farasi na Mfuko wa Stratford

Kama una pauni 3,000 benki na mtoto anayelala na picha ya farasi chini ya mto, usinunue farasi. Bei ya kumnunua ni sehemu ndogo tu ya yote utakayolipa. Unachoweza kununua kwa mshahara wa kawaida wa Stratford ni saa za kuwa naye: kumpanda, kumpiga brashi, kumsafishia banda, kumzoea mpaka akujue. Saa hizo zina bei tofauti sana, na nyingine ni za bure. Ni vizuri ukaijua tofauti hiyo kabla likizo ya shule haijafika na nafasi zikajaa.

Hamu yenyewe naichukulia kwa uzito. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo farasi ni mnyama wa kutazamwa kwenye mbio za Ngong, au wa kusomwa katika kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeeleza walivyofunzwa kupanda watoto wa jumba la Mtoni. Mtoto wa Stratford anamwona kwa macho yake: siku West Ham wanapocheza London Stadium, farasi wa polisi wanasimama barabarani, wakubwa na watulivu katikati ya umati. Akiuliza kwa nini yeye asipande, kumwambia kwamba hayo ni mambo ya Wazungu si jibu. Tarehe 1 Agosti 2019, Khadijah Mellah, msichana wa miaka 18 kutoka Peckham, alishinda mbio za Magnolia Cup kule Goodwood akiwa amevaa hijabu. Alijifunza kupanda katika klabu ya hisani ya Ebony Horse Club, Brixton, juu ya farasi wa klabu.

Sasa tuingie kwenye hesabu. Bei ninazotaja ni za makadirio kwa London na Essex. Kila zizi lina bei yake, kwa hiyo piga simu.

Chukua farasi mdogo wa pauni 2,500. Kabla hujalipa, daktari wa wanyama amkague. Ukaguzi kamili unaweza kufika pauni 300 au zaidi, lakini ukiuruka utajikuta umenunua mguu mbovu. Stratford huwezi kumweka. British Horse Society hushauri hekta 0.4 hadi 0.6 za malisho kwa kila farasi, basi atakaa Essex au pembezoni mwa Epping, katika zizi la kukodi. Kodi ya chini kabisa ni ile ya kupewa banda na malisho tu, kazi zote zikiwa zako. Weka pauni 45 kwa wiki, ambazo ni 2,340 kwa mwaka. Nyasi kavu, chakula na maranda ya kutandika bandani, pauni 40 kwa wiki: 2,080. Fundi wa viatu vya farasi huja kila wiki sita hadi nane. Viatu vinne kwa pauni 100, mara saba kwa mwaka: 700. Chanjo, meno na dawa ya minyoo: 250. Bima: 500. Jumla ni pauni 5,870 kila mwaka, na hapo hujanunua tandiko, hujanunua hatamu, na mtoto hajafundishwa hata somo moja.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye risiti. Zizi la bei hiyo linataka mtu afike mara mbili kwa siku, kwenye mvua, Krismasi na Idi. Kama huna gari, saa zako na nauli zako zitakwisha njiani. Ukitaka wenye zizi wafanye kila kitu, tegemea pauni 200 kwa wiki au zaidi, ambazo zinazidi 10,000 kwa mwaka. Farasi akipata msokoto wa tumbo na kuhitaji upasuaji, bili ya pauni 5,000 hadi 10,000 si ajabu, na bima ina kikomo chake na sehemu ya kwanza unayolipa mwenyewe. Sheria inataka awe na pasipoti, na hapa Uingereza tangu Oktoba 2020 lazima awe na chipu pia. Mmiliki mpya ana siku 30 kuandikisha jina lake, na ada hulipwa. Kupanda katika msitu wa Epping, ambao unashuka mpaka Wanstead Flats, kunahitaji kibali. Akifa, kuuondoa mwili wake nako kunalipiwa. Farasi anaweza kuishi miaka 25 au 30, kwa hiyo aliyenunuliwa akiwa mdogo kwa ajili ya mtoto wa miaka 10 anaweza kuwa bado anadai nyasi mtoto huyo akiwa na watoto wake.

Ukiona tangazo la farasi anayetolewa bure, lipite. Mara nyingi ni mzee, mgonjwa wa miguu, au hapandiki kwa sababu ambayo mwenyewe hajaisema. Hata akiwa mzima, hizo pauni 5,870 ziko palepale. Mashirika ya kweli ya kuwapatia farasi makao, kama World Horse Welfare lililoanza 1927 na Blue Cross la 1897, hukuambia wazi hali ya mnyama, lakini nayo hukagua kwanza mahali utakapomweka. Kwa mtu wa ghorofa ya tano Carpenters Road, mazungumzo yanaishia hapo.

Kwa hiyo tununue saa.

Kutoka Stratford kuna sehemu mbili za kuanzia ambazo hazihitaji gari. Ya kwanza ni Lee Valley Riding Centre, iliyoko Lea Bridge Road, Leyton. Treni ya kutoka Stratford hukufikisha kituo cha Lea Bridge, kilichofunguliwa upya 2016, ndani ya dakika chache, kisha unatembea. Ya pili ni Mudchute, shamba la Isle of Dogs lenye kituo chake cha kupanda farasi. Unakwenda kwa treni ya DLR. Kuingia shambani Mudchute ni bure, na hiyo ni faida kubwa: mtoto anaweza kukaa karibu na farasi, akanusa zizi na kuona kinyesi kinavyozolewa, nawe hujatoa hata senti. Wapo ambao hamu yao hutulia hapo. Ya wengine huongezeka moto, na sasa unajua una mtoto wa aina gani kabla hujalipa. Zamani tulikuwa pia na shamba la Newham kule Beckton, lakini limefungwa. Usimpeleke mtoto kwa kumbukumbu za jirani.

Somo la kikundi London kwa kawaida ni pauni 40 hadi 60, na la peke yako hupanda kutoka hapo. Karibu na Hyde Park unaweza kulipa zaidi ya pauni 100 kwa saa. Unalipia mandhari na anwani, na anayeanza hajifunzi upesi zaidi kwa sababu hiyo. Pesa yako ipeleke Leyton au Mudchute. Somo moja kwa mwezi la pauni 45 ni pauni 540 kwa mwaka, chini ya kumi kwa mia ya gharama ya kumfuga. Ukiweza mawili kwa mwezi, 1,080, mtoto ataanza kukaa sawasawa juu ya tandiko. Chini ya moja kwa mwezi ni kuanza upya kila mara, na hapo pesa inapotea.

Unapopiga simu, uliza haya kabla hujatoa namba ya kadi. Je, somo la kwanza la kupima uwezo lina bei yake, na ni lazima? Je, ni dakika 30 au 60? Tangazo la pauni 35 la nusu saa ni ghali kuliko la pauni 55 la saa nzima. Je, helmeti na viatu vya kuazima vimo ndani ya bei? Kuna ada ya uanachama ya mwaka? Ukighairi, unapoteza pesa ikiwa zimebaki saa 24, 48 au wiki? Swali hili la mwisho ndilo linaloumiza familia zenye zamu za kazi zinazobadilika ghafla. Kama ratiba yako ya hospitali au ghala hutoka Ijumaa kwa wiki inayofuata, lipa somo mojamoja.

Masomo kumi kwa bei ya tisa yanavutia, hasa zamu yako ya mchezo au chama ikifika na pesa iko mkononi. Lakini soma tarehe ya mwisho. Vifurushi vingine huisha baada ya miezi mitatu, na mtoto akivunjika kidole au mkisafiri Mombasa wiki sita, punguzo limeliwa na masomo yaliyokufa. Nunua kifurushi pale tu ambapo umri wake unazidi safari zako.

Hakikisha pia mahali pana leseni ya kaunsili. Bila leseni hiyo hairuhusiwi kukodisha farasi kwa wapandaji wala kuwafundisha juu yao kwa malipo. Mtu wa uwanjani anayekutoza pauni 15 fedha taslimu bila karatasi hana unafuu wowote atakaokupa siku mtoto akianguka. Kwa mtoto mwenye ulemavu, anza kwa vikundi vya Riding for the Disabled Association, kwa kuwa ada zao mara nyingi ni ndogo na wanaoongoza wamefunzwa. Tatizo ni foleni, basi andikisha jina leo.

Watu wazima, hamu hii si ya watoto peke yao. Ulizeni kikomo cha uzito mapema. Kila kituo hulinda migongo ya farasi wake, na vingi huweka mpaka kati ya kilo 75 na 95. Ni bora kuusikia kwenye simu kuliko kufika, ukapimwa na kurudishwa wakati malipo hayarudi.

Njia iliyo bora kwa kijana asiye na pesa ni kujitolea. Vituo na mashamba mengi ya mjini huhitaji mikono: kuzoa kinyesi, kujaza maji, kuwapiga farasi brashi, kuwaongoza kwa kamba. Umri unaotakiwa mara nyingi ni miaka 14 au 16. Gharama ni nauli, buti za mpira na Jumamosi zake. Anachopata, kwa maoni yangu, kinashinda masomo mengi, kwani farasi anayepandwa nusu saa na kurudishwa kwa mwingine hamfundishi mtoto kusoma masikio, kuinua kwato, wala kujua kwamba mnyama leo hayuko sawa. Lakini usidanganyike kuwa kujitolea ni kupanda bure. Pengine hupewa somo mara mojamoja, pengine hapana kabisa. Uliza, na upate jibu kwa maandishi ili kijana asifanye kazi mwaka mzima kwa ahadi ya mdomo.

Akishaweza kupanda mwenyewe, labda baada ya mwaka au miwili, kuna kugawana farasi: mwenye farasi anakupa siku mbili za wiki, nawe unachangia matumizi. Weka pauni 120 kwa mwezi, 1,440 kwa mwaka. Hapo ndipo mtu wa kipato chetu anapokaribia sana kuwa na farasi wake. Andikianeni mkataba: nani analipa viatu, nani analipa daktari akiumia siku yako, notisi ni ya wiki ngapi. Pata bima ya dhima. Uanachama wa dhahabu wa British Horse Society huja nayo, na ni nafuu kuliko kesi. Kama farasi yuko mbali na treni, hesabu nauli kabla hujampenda.

Kwenye vifaa, kuna kimoja tu cha kununua kipya, nacho ni helmeti. Kama kituo kinaazimisha, azima mpaka uwe na hakika ataendelea. Ukinunua, mpya yenye alama ya usalama inapatikana kwa pauni 45 hadi 60. Ya pauni 200 ina sura nzuri zaidi, lakini ya bei ndogo nayo imepita vipimo. Usinunue iliyotumika, hata kwa pauni tano, kwa sababu helmeti iliyopata pigo huharibika ndani bila kuonekana. Ya baiskeli hairuhusiwi. Anayevaa hijabu afunge kitambaa chembamba kisicho na pini, na aijaribu helmeti akiwa amekivaa, maana kipimo hubadilika.

Suruali inayovutika isiyo na mshono mnene ndani ya paja inatosha. Duka la hisani au soko la Stratford Centre litakuwa nayo kwa pauni chache. Viatu viwe na kisigino kidogo na soli isiyo na meno makubwa, ili mguu usikwame kwenye kikuku cha tandiko. Raba hazifai. Mavazi rasmi ya mashindano yaacheni kabisa mwaka wa kwanza.

Kama mwezi huu hakuna hata pauni 40, mchukue mtoto kwa treni ya Jubilee hadi Westminster. Askari wa farasi hubadilishana zamu Horse Guards saa tano asubuhi Jumatatu hadi Jumamosi, na saa nne Jumapili, bila kiingilio. Wikiendi inayofuata mpeleke Mudchute. Mwezi ukigeuka, piga simu Leyton na Mudchute siku moja, ulinganishe majibu ya yale maswali, ulipie somo moja tu, na uombe jina liwekwe kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi za Jumamosi. Wakati wa likizo uliza nafasi za siku za katikati ya wiki. Hazigombewi kama za Jumamosi, na mwalimu akiwa na watoto wanne badala ya wanane, kwa bei ileile, wako ataelekezwa mara mbili zaidi.