Nani anaweza kusema "leo ndeke hairuke"?

Ndugu na dada, wengi wetu tunakumbuka Korongo Airlines, kampuni ya hapa Lubumbashi ya Brussels Airlines na Groupe Forrest, iliyoanza kuruka 2012 na kufunga 2015. Tulihesabu ndeke zake. Wakubwa wake hatukuuliza.

Kampuni ya ndeke ao helikopta, hata ndogo, haiongozwe na patron peke yake. Kuko yule anayejibu mbele ya serikali, mwenye kutoa pesa. Halafu mkubwa wa marubani, mkubwa wa matengenezo, na mkubwa wa usalama. Huyu wa mwisho njo ninamuangalia sana. Anapaswa kufika kwa patron moja kwa moja, juu mara nyingine kosa liko kwa mkubwa wa marubani mwenyewe.

Kiti hicho wakimpa shemeji wa patron (tunajua vile inakuwaka), nani atasema mizigo imepita kilo? Na Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari. Wakati wa joto hewa inakuwa nyepesi zaidi, helikopta inabeba kilo chache kuliko kule Matadi.

Ukiitwa kwa mahojiano ya kazi huko, uliza mapema: mkubwa wa usalama anapeleka ripoti kwa nani?