Mshale wa Mafuta Ukisema Uongo

Mkulima, umepakia viazi Kinangop au Ol Kalou. Unautazama mshale wa mafuta, waonyesha nusu ya tangi. Kabla hujafika sokoni Nairobi gari lazimika, na mzigo wapigwa na jua. Au umejaza tangi juzi, na leo mshale umelala chini kabisa. Nawe unamshuku dereva wako kwamba amenyonya mafuta akayauza. Kabla ya kumfukuza mtu kazi, na kabla ya kununua kipuri, pima. Huenda mwongo ni geji.

Yafaa kwanza kujua jinsi geji ifanyavyo kazi. Ndani ya tangi mna boya lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Mafuta yakipanda, boya hupanda. Yakipungua, nalo hushuka. Mwisho wa mkono huo kuna kidole kidogo kinachosugua kibao cha kuzuia umeme. Umeme unaopita hapo, ukiwa mwingi au mchache, ndio unaousogeza mshale mbele ya dereva. Basi makosa yaweza kuwa mahali patatu: kipimo cha tangini, waya, au geji yenyewe.

Anza kwenye kituo cha petroli. Jaza tangi mpaka juu, uandike kilomita katika daftari. Tuseme tangi lako ni la lita 60, na gari hula lita 1 kwa kilomita 10. Likienda kilomita 240 litakuwa limekula lita 24, na lita 36 zimebaki. Ikiwa mshale wasema tangi ni tupu, usigombane na mtu. Jaza tena. Likipokea lita 24 hivi, dereva wako ni mwaminifu na geji ndiyo mbovu. Likipokea lita 50, mafuta yamekwenda kweli: tazama kama tangi au mpira wavuja, na kama injini imeanza kula zaidi. Maswali kwa dereva yafuate baadaye.

Ukiisha kujua kwamba geji yadanganya, fuata hatua hizi:

1. Tazama geji ya joto la injini. Ikiwa zote mbili zimekosea kwa wakati mmoja, usiguse tangi. Angalia fyuzi, na katika magari ya zamani angalia kifaa kinachozigawia geji umeme.

2. Tafuta waya wa athi, yaani ule unaotoka kwenye kipimo cha tangini na kufungwa kwenye bodi. Matope ya shambani huleta kutu hapo. Sugua kwa msasa mpaka chuma king'ae, kisha kaza.

3. Chomoa plagi ya kipimo cha tangini, ufungue swichi bila kuwasha injini. Katika magari mengi ya Kijapani mshale hushuka. Sasa unganisha waya wa geji na bodi kupitia balbu ndogo ya wati 3 hivi. Mshale ukipanda, geji na waya ni vizima. Ubovu uko tangini. Usipojongea, waya umekatika au geji imekufa. Usiunganishe bila balbu, kwani geji yaweza kuungua. Hakikisha pia kwamba waya ni wa geji, maana katika magari mengi ya petroli plagi hiyo hubeba na waya za pampu. Ikiwa geji ya gari lako huendeshwa na kompyuta, usijaribu jambo hili. Mwachie fundi mwenye mashine ya kulisoma.

4. Kipimo kikitolewa tangini, fundi akipime kwa mita huku akiinua mkono wa boya polepole. Hesabu ibadilike taratibu bila kuruka. Katika Toyota nyingi za zamani huwa kama omu 110 boya likiwa chini, na kama omu 3 likiwa juu. Boya litikiswe pia. Likisikika mafuta ndani, limetoboka.

Angalia sana hatari ya moto. Kamwe usimulike tangi kwa kiberiti wala mshumaa. Tangi lifunguliwe nje penye upepo, waya wa betri ukiwa umetolewa, na mtu yeyote asivute sigara karibu. Tangi tupu lenye mvuke wa petroli laweza kulipuka.

Kama huna mita, ukishateremsha mzigo Nairobi wapo mafundi wa umeme wa magari Makadara, upande wa Hamza na kando ya Barabara ya Jogoo. Mwambie fundi, "Pima kwanza mbele yangu, ndipo tuzungumze bei." Fundi mwema hatakasirika. Asikuuzie geji mpya ikiwa ugonjwa ni kutu kwenye waya. Akibadilisha kitu, mwombe akupe kile cha zamani ukione.

Mpaka geji itengenezwe, usiache tangi lishuke chini ya robo kwa hesabu ya kilomita. Pampu ya umeme iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli yenyewe, na injini ya dizeli ikikaukiwa huvuta hewa, ikawa kazi kuitoa. Daftari liwekwe ndani ya gari, wewe na dereva mwandike kila mara mnunuapo mafuta. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo litalinda mfuko wako, na pia litalinda jina la dereva wako.