Nyumba Zilizo Kati ya Mto na Barabara

Fungu la kusoma: Matendo ya Mitume 6:1–7

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya vikundi vya parishi zetu za mashambani, kazi vinayofanya, na watu vinaowafanyia. Mlio na Biblia karibu, fungueni Matendo ya Mitume mlango wa sita, mzisome zile aya saba za kwanza.

Hapo tunaliona kanisa changa la Yerusalemu likipatwa na shida ambayo kila kasisi anaijua. Waumini walikuwa wameongezeka, na wajane waligawiwa chakula kila siku. Lakini wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa hawapati fungu lao. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyewachukia. Walipitwa tu. Mitume wakaagiza wachaguliwe watu saba waisimamie kazi ile, na ukiyasoma majina yao utaona kwamba yote ni ya Kiyunani. Yaelekea kazi iliwekwa mikononi mwa watu walioijua milango ya wajane waliosahauliwa.

Sasa tuje kwetu. Parishi ya mashambani mara nyingi ni kasisi mmoja na makanisa manne au matano, pengine zaidi, yaliyotawanyika vilimani. Jumapili hii yuko hapa, ijayo yuko ng'ambo ya mto, na asipofika msomaji huongoza ibada. Kwa hiyo kazi ya katikati ya juma hubebwa na vikundi. Akina mama wa Mothers' Union huwatembelea wagonjwa na waliojifungua. Wanaume wa KAMA na vijana wa KAYO wana kazi zao, na kwaya nayo ina yake. Siku hizi karibu kila kikundi kina mfuko wa kuweka na kukopa. Hilo si vibaya, ingawa tumekaa katika mikutano ambayo sala ilichukua dakika mbili na hesabu ya pesa ikachukua saa mbili.

Mwanachama akifiwa, hapo ndipo utaiona nguvu ya kikundi. Kabla jua halijapanda, akina mama wamefika na kuni, maji, unga na sukari. Siku ya maziko wanasimama kando ya kaburi katika sare zao, wanaimba, na mfiwa anajua kwamba hayuko peke yake.

Lakini inatupasa kuungama jambo. Katika parishi moja tuliyoitumikia, mama mmoja kijana alikuwa akikaa benchi la nyuma karibu kila Jumapili. Alikuwa akiishi na mume wake kwa ndoa ya kienyeji. Mahari yalikuwa hayajaisha, na fedha za harusi hazikuwapo. Katika parishi nyingi za kwetu mama haandikishwi katika Mothers' Union kama hajafunga ndoa kanisani. Basi hakuandikishwa. Mtoto wake wa pili akaugua, akafa. Tulipokwenda kuzika tulikuta watu tisa, pamoja na vijana waliochimba kaburi. Sukari ya chai ilitoka kwa jirani wa dhehebu lingine.

Tuliporudi tukawauliza viongozi wa akina mama sababu. Walijibu bila hila, "Mchungaji, hayumo kwenye daftari." Nao walisema kweli. Tena daftari lile tulikuwa tukilitia sahihi sisi wenyewe kila mwaka, na hatukuwahi kuuliza ni nani asiyekuwamo.

Jambo hili lilitutia huzuni zaidi tulipokumbuka jinsi umoja huo ulivyoanza. Ulianza mwaka wa 1876 katika parishi ya mashambani kama zetu, mahali paitwapo Old Alresford, kusini mwa Uingereza. Mary Sumner, mke wa kasisi wa pale, aliwaita akina mama nyumbani kwake, mabibi wa nyumba kubwa pamoja na wake wa vibarua, wakae chumba kimoja na kusaidiana katika malezi ya watoto wao. Wakati ambapo watu wa tabaka mbili hawakukaa pamoja kwa urahisi, hilo halikuwa jambo dogo. Siku ya kwanza alipatwa na woga hata akashindwa kusema, akawaomba warudi juma lililofuata. Wakarudi. Mlango ule ulifunguliwa ili watu wasiokutana wakutane.

Hatusemi kwamba kiapo cha ndoa ni kitu kidogo. Wazee walipokutana kulizungumzia jambo hili, mmoja wao alisimama akasema kwamba tukiwaandikisha wote, vijana wataona harusi ya kanisani haina maana. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sharti la kuvaa sare lina mahali pake, na wenye mamlaka ya kulibadili si kasisi mmoja na wazee wake. Lakini sharti la kuvaa sare si sharti la kuletewa maji siku ya msiba. Sisi tulikuwa tumeyachanganya hayo mawili.

Njia tuliyoipata ilikuwa kurudi kwenye maana ya neno lenyewe. Tangu zamani katika kanisa letu, parishi ni eneo la ardhi lenye mipaka. Kasisi hukabidhiwa utunzaji wa roho zilizo ndani ya mipaka hiyo, wawe wanakuja kwake au hawaji. Basi tukaanza na kanisa moja tu, lililo dogo kuliko yote. Tukanunua daftari jipya, la shilingi chache, na hatukuandika majina ya wanachama. Tuliandika nyumba zote zilizo kati ya mto na barabara kuu: za Waanglikana, za Wakatoliki, za Wapresbiteri, za Waakorino, na ile ya mzee ambaye hajaingia kanisa lolote tangu tumjue. Kila nyumba kumi zikapata watu wawili wa kuzitembelea. Hawakutumwa kuvuta kondoo wa zizi la mwingine. Jambo hilo tulilikataza kabisa, kwa maana huharibu ujirani. Kazi yao ilikuwa kujua ni nani mgonjwa, ni nani amefiwa, ni jiko gani halijawashwa moto.

Wakileta habari, kila kikundi hufanya kile kinachokiweza. Vijana huchota maji na kulima. Wanaume hutengeneza paa. Akina mama huenda kama walivyokwenda siku zote, ila sasa huenda hata kwa asiye na sare. Tuliweka mkebe mdogo mbali na sadaka ya Jumapili, na msaada unaotoka humo hautangazwi kanisani, kwa kuwa mtu maskini ana heshima yake.

Wasikilizaji wa upande wa Mlima Kenya watamkumbuka Askofu David Gitari, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Mlima Kenya Mashariki tangu mwaka wa 1975. Dayosisi hiyo ilitoka mashamba ya Kirinyaga hadi nchi kavu ya wafugaji huko Marsabit, na kule alifundisha kwamba injili na maji, injili na afya, haviachani. Mambo haya basi hatukuyabuni sisi. Tulikuwa tumeyasahau tu.

Na yule mama kijana? Sare bado hajavaa. Mume wake anasema harusi itangoja mavuno, na mavuno mawili yamekwisha kupita. Lakini nyumba kumi za karibu na daraja ziko mikononi mwake na mwa mwenzake. Juma lililopita alituletea habari ya yule mzee asiyeingia kanisani. Alikuwa amelala siku mbili bila mtu kumwashia moto.