Jua Kali na Intaneti ya Leza

Saa saba mchana, mwezi wa Oktoba, ukitazama juu ya mapaa ya mabati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, vilima vya mbali vinaonekana kutetemeka. Hewa iliyochomwa na mabati na udongo mkavu hupanda kwa mafungu, moto huku, baridi kule, na kila fungu linaupinda mwanga kidogo kabla haujafika machoni. Hewa hiyohiyo ndiyo inayowasumbua wahandisi wanaorusha intaneti kwa leza.

Intaneti ya aina hiyo si ndoto. Mwaka 2021, mradi wa Taara wa Alphabet, kampuni mama ya Google, uliunganisha Brazzaville na Kinshasa kwa leza juu ya Mto Kongo. Miji hiyo inatazamana, lakini faiba ililazimika kuuzunguka mto kwa zaidi ya kilomita 400. Mwali ulivuka kilomita 4.8 tu na kupitisha karibu terabaiti 700 kwa siku 20.

Wengi hudhani adui mkubwa ni mvua. Ukungu mzito ni mbaya zaidi, maana unaweza kuuzima mwali kabisa. Ila hata siku nyeupe ina hila zake. Joto likibadilika kwa digrii moja, uwezo wa hewa kupinda mwanga hubadilika kwa takriban sehemu moja tu kwa milioni. Ni kiasi kidogo mno, lakini mwali hupita mafungu mengi mfululizo, hivyo mwanga unaofika huzidi na kufifia mara nyingi kwa sekunde, kama unavyoona nyota zikimetameta. Kwa kasi ya gigabiti 10 kwa sekunde, mfifio wa milisekunde 5 humeza biti milioni 50.

Sasa chukua Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, na Dzaleka, umbali wa takriban kilomita 45. Kambi hiyo, iliyofunguliwa 1994, ina watu zaidi ya 50,000, wakiwemo vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta, kwa hiyo wateja wapo. Lakini kifaa cha Taara kimeundwa kwa umbali wa hadi kilomita 20, na umbali ukiongezeka maradufu, mtikisiko wa mwanga huongezeka karibu mara tatu na nusu, hewa ikiwa haijachafuka sana. Ingebidi mwali upokezanwe na vituo, tena juu ya vilima vya wilaya ya Dowa au kwenye minara, kwa sababu hewa inayochafuka zaidi ni ile iliyo karibu na ardhi. Hutulia kidogo baada ya jua kuchomoza na kabla halijazama.

Dawa zipo: lenzi pana ya kupokelea, ambayo husawazisha mfifio, vioo vinavyojigeuza kuufuata mwali, na data iliyopangwa ili biti zilizopotea ziweze kujengwa upya. Ukungu ukishuka, redio hushika zamu, kwa kasi ndogo.

Na macho je? Mifumo mingi ya aina hii hutumia mwanga usioonekana wa nanomita 1,550, ambao hunyonywa na sehemu ya mbele ya jicho kabla ya kufika kwenye utando wa nyuma. Hilo hupunguza hatari, mradi nguvu ya leza isizidi kiwango kilichowekwa.