Damu Inayobeba Sumu

Gesi ya salfidi ya hidrojeni, ile inayonuka mayai viza, huua kwa kuzizuia seli zisitumie oksijeni. Ndiyo maana mtu anayeingia kwenye shimo la majitaka anaweza kuzimia baada ya kuvuta pumzi chache tu. Huko kilindini mwa bahari, gesi hiyohiyo ni riziki.

Mwaka 1977 wanajiolojia walizama kwa nyambizi ndogo Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500 hivi. Chemchemi za maji moto walizitarajia. Viumbe hawakuwatarajia, na msafara haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja. Walikuta minyoo wa ajabu, wanaoweza kufikia mita 2, wakiishi ndani ya mirija myeupe na kuchomoza mashungi mekundu.

Mnyoo huyo, Riftia, hana mdomo wala utumbo. Sasa anakula nini? Aliyekifumbua kitendawili ni Colleen Cavanaugh, wakati huo mwanafunzi wa Harvard. Aliposikia kwenye mhadhara kuwa mwilini mwa mnyoo kuna chembe za salfa, alitambua palepale kwamba lazima humo mna bakteria. Ushahidi wake ulichapishwa mwaka 1981.

Shungi lina wekundu wa hemoglobini, kama damu yetu. Ila hemoglobini ya Riftia hushika salfidi mahali pake na oksijeni mahali pake, hivyo sumu husafiri bila kumdhuru hadi kwenye kiungo laini kilichosheheni bakteria. Hao huiunguza salfidi kwa oksijeni, na nishati inayopatikana hugeuza kaboni dioksaidi kuwa chakula cha wote wawili.

Husemwa mara nyingi kuwa viumbe hawa hawalihitaji jua kabisa. Hapana: oksijeni wanayoitumia ilitengenezwa na mimea na mwani kwa mwanga wa jua. Wanaojitegemea kweli ni vijidudu kama Methanopyrus kandleri, anayeishi kwa hidrojeni na kaboni dioksaidi, akitoa methani. Aina yake moja, iliyotolewa kwenye chemchemi za Kairei katika Bahari yetu ya Hindi, ilizaliana maabara kwenye nyuzi joto 122 za Selsiasi chini ya mgandamizo mkubwa. Mashine za mvuke za hospitali hutakasa vifaa vya upasuaji kwa nyuzi 121. Wagonjwa wasiwe na hofu. Kwa kijidudu huyu joto la mwili wa binadamu ni baridi mno, hawezi kukua humo.